Kiinua Mgongo cha Gari



Fedha anazolipwa mtumishi siku anapostaafu huitwa kiinua mgongo. Aliyeliunda jina hilo, nadhani, alimtazama mtu aliyeinama miaka mingi juu ya jembe, juu ya cherehani au juu ya daftari za wanafunzi, akamwonea huruma, akasema: sasa na ainuke. Mimi niliinama juu ya daftari za Kiswahili kwa miaka 36, katika shule za sekondari za Same na Mwanga, na niliinuka mwaka 2019. Fungu zuri la kiinua mgongo changu lilikwenda kuinua mgongo wa gari.

Makala haya ni ya gari hilo, na hasa ya chuma kimoja kirefu kilicho chini yake. Msomaji wa ukurasa huu asinikimbie. Ni makala ya neno pia, kwa sababu nililipinga neno la mtu kabla ya kusikia onyo lililokuwa ndani yake, na kosa hilo nusura lichukue roho za watu wanne na mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa.

Kwetu ni Msangeni, katika Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare. Ukisimama mahali pa wazi upande wa magharibi, unaiona nyika chini yako, na bwawa la Nyumba ya Mungu likimeta kama bati jipya. Kutazama ni rahisi. Kuteremka ndiko kazi. Barabara ya kushuka Mwanga kupitia Kikweni imetengenezwa kidogo kidogo, lakini njia za vitongojini zimebaki zilivyo: udongo mwekundu wakati wa masika, na mawe yaliyochomoza wakati wa kiangazi. Maji huchimba mfereji katikati ya njia, na gari la chini hukaa juu ya tuta kama mashua iliyopwelewa.

Nilinunua Toyota Hilux ya zamani, pikapu ya kabini moja, ya dizeli, yenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, na ekseli nzima mbele na nyuma. Mke wangu alitaka tuezeke nyumba upya. Nilimwambia kwamba gari litaezeka nyumba, kwa kuwa litabeba ndizi, maharage na mbao za watu hadi Mwanga. Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi anayeahidi kuleta daftari kesho. Gari lilibeba ndizi kweli. Kwa kuwa magari ni machache huku juu, lilibeba pia wagonjwa, maharusi, na mara tatu lilibeba marehemu. Lakini tumbo lake liligonga mawe, na mara mbili mawe hayo yalitoboa. Ndipo nikaamua liinuliwe.

Njia ya kuinua niliyoichagua ilikuwa ya kawaida. Springi za gari hilo ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Ukiongeza bapa na kuzikunja zaidi, gari husimama juu zaidi. Langu liliinuka sentimita 10.

Kazi ya springi niliipeleka kwa kijana mmoja mwenye karakana ndogo Mwanga mjini. Namwita kijana, ingawa ana mvi mbili tatu. Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Hakuendelea na kidato cha tano. Alikwenda VETA kusomea ufundi wa magari. Alipomaliza kufunga springi alilizunguka gari, akainama, akatazama chini, akasema:

"Mwalimu, ukiliacha hivi propela zitakuwa fupi, na krosi zitakaa kwenye pembe kali. Hapa tunahitaji propela nyingine."

Nami, badala ya kuuliza ni pembe gani na ni fupi kiasi gani, nikamjibu:

"Gari halina propela. Chombo chenye propela ni meli na ndege, na hata huko sisi tuna neno letu, rafadha."

Mafundi wawili waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Sawa, Mwalimu." Nikaondoka nikiwa nimeshinda mjadala.

Naona aibu kuandika yanayofuata, lakini bila hayo kisa hakikamiliki. Miaka ishirini na zaidi nyuma, nikiwa mwalimu wake, niliwapa wanafunzi insha kuhusu kazi wanayoipenda. Yeye aliandika juu ya gereji ya mjomba wake. Insha ilijaa difu, giaboksi, krosi, bushi na propela. Niliipaka wino mwekundu toka juu hadi chini, na mwishoni nikaandika: "Andika Kiswahili fasaha." Chuoni nilifundishwa kwamba mwalimu ni mlinzi wa lugha, na mlinzi mwenye bidii wakati mwingine humkamata mwenye nyumba. Kijana yule hakuwahi kunikumbusha insha hiyo. Niliikumbuka mwenyewe, usiku mmoja, nikiwa nimelala chali juu ya matope.

Niliuliza bei. Shafti mbili mpya, ya mbele na ya nyuma, zilizotengenezwa kwa kipimo cha gari lililoinuliwa, niliambiwa ni milioni mbili na nusu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mtu mmoja akanielekeza karakana nyingine, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikirefusha shafti kwa kukata na kuunga. Walichukua shafti yangu ya nyuma asubuhi, wakanirudishia jioni ikiwa imerefuka, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, kwa shilingi 150,000. Ya mbele wakasema inaweza kusubiri. Nilifurahi sana. Wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi huvunja upishi, na methali hiyo nimeifundisha kwa miaka 36.

Tangu siku ya kwanza gari lilitetemeka. Likifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kioo cha ndani kilicheza, na sakafu ikanguruma chini ya miguu. Nilijiambia ni uzee wa gari. Katika kilima mtu hapati kwenda mbio, kwa hiyo nilizoea.

Usiku wenyewe ulikuwa wa masika ya mwaka 2024, masika ambayo wengi mnaikumbuka kwa mafuriko. Saa sita usiku jirani alinigongea mlango. Binti yake alikuwa na uchungu tangu mchana, na muuguzi alikuwa ameshauri ateremshwe hospitali bila kuchelewa. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, chini ya turubai, mama yake akiwa amemshika kichwa na mumewe akiwa amelishika turubai. Mimi nilishika usukani.

Tulikuwa tumeipita kona ya tatu ya mteremko niliposikia mlio chini ya sakafu, kama nyundo inayopiga pipa. Ikapiga mara tano au sita. Kisha injini ikapiga kelele ikiwa haina mzigo, na gari likaanza kuserereka lenyewe. Wasiojua kuendesha milimani waelewe jambo hili: katika mteremko mrefu, kinacholizuia gari si breki peke yake. Gia ndogo huifanya injini ivute nyuma, na mvuto huo hupita katika shafti hadi kwenye magurudumu. Shafti ikikatika, injini na magurudumu huwa kama watu wawili walioachana. Kila mmoja huenda zake. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa mlima, likaegemea udongo na kusimama. Nyuma nilimsikia yule mama akiomba Mungu kwa lugha ya kwetu.

Nilimpigia simu fundi, mwanafunzi wangu. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza kwa kifupi. Akauliza, "Propela iliyokatika ni ya mbele au ya nyuma?"

Sikumsahihisha. Nikasema, "Ya nyuma. Naiona inaning'inia."

"Weka mawe mbele ya matairi kwanza. Yote manne. Kisha chukua spana namba kumi na nne mbili, uingie chini. Anza na flenji ya difu."

"Flenji ndiyo ipi?"

Akanyamaza kidogo. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya turubai, na binti alikuwa akiugulia. Kisha akaanza upya, polepole, kwa sauti ya mtu anayeongoza kipofu ukingoni mwa mto:

"Mwalimu, kifuate hicho chuma kirefu kwa mkono hadi kinapoishia kwenye tufe kubwa katikati ya ekseli ya nyuma. Hapo kuna visahani viwili vya chuma, vimebanana uso kwa uso. Vimeshikwa na bolti nne. Spana moja ishike kichwa, nyingine ifungue nati. Ukimaliza, nenda mbele, chini ya mahali unapokaa, utakuta visahani vingine kama hivyo. Fungua pia. Toa vipande vyote viwili."

Niliwahi kuwafundisha kwamba mtu akitaka kujua kama ameelewa jambo, alieleze kwa mtu asiyelijua, kwa maneno ya kawaida, bila kulitaja jina lake. Yule aliyepata alama hafifu alikuwa akilifanya zoezi hilo kwa simu, saa sita na nusu usiku, na mimi ndiye niliyekuwa simjui flenji.

Mume wa binti alinishikia tochi. Bolti nane zilituchukua nusu saa hivi. Fundi hakukata simu. Tulipotoa vipande, akasema: "Sasa nenda kwenye magurudumu ya mbele. Katikati ya kila gurudumu kuna kitasa cha mviringo. Hiyo ni habu. Izungushe ifunge, kulia na kushoto. Kisha ingiza fowili. Gari litatembea kwa miguu ya mbele. Teremka na gia namba moja, usikanyage klachi hata kidogo."

Fowili. Neno hilo nalo nililipaka wino mwekundu zamani zile. Niliingiza fowili, shafti ya mbele ikashika, na gari likateremka likivutwa na magurudumu mawili ya mbele, taratibu, hadi lami. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya alfajiri. Wa kike, mwenye sauti kubwa. Mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye ngazi, nguo zimejaa matope, na vipande viwili vya shafti vikiwa miguuni pangu kama ushahidi.

Juma lililofuata nilikwenda karakana nikiwa na daftari jipya na kalamu ya bluu. Nilimwomba fundi anifundishe. Yafuatayo niliyaandika siku ile, na nayaleta hapa kwa kuwa wapo wasomaji wenye magari ya namna hii Lushoto, Mbulu na kwingineko kwenye milima.

Kwanza, alinipa kipande kilichokatika. Ndani yake palionekana mshono wa urefu wote. "Hili ni bomba la maji," alisema. Bomba la maji limeundwa kubeba maji, wala si kusokotwa na injini. Walikuwa wameunga bomba la maji kwenye ncha mbili za shafti, na mshono ukapasuka.

Pili, alinionyesha uma. Kila ncha ya shafti ina uma wa chuma, na kati ya uma wa shafti na uma wa kile visahani mnakaa msalaba mdogo wenye miguu minne. Huo ndio krosi. Msalaba huo ndio unaowezesha chuma kimoja kuzungushwa na kingine huku viwili hivyo vikiwa havijanyooka. Ni ubunifu wa zamani. Wazungu wengi hukiita kiungo hicho kwa jina la Cardano, Mwitalia wa karne ya 16, na Mwingereza Robert Hooke alikichunguza katika karne ya 17. Lakini kiungo hicho kina kasoro yake. Kikiwa kwenye pembe, chuma cha pili hakizunguki kwa mwendo ulio sawa. Huharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko.

Dawa yake ni kuwa na viungo viwili, kimoja kila ncha, ili cha pili kifute kosa la cha kwanza. Dawa hiyo ina masharti mawili: uma za ncha zote mbili za shafti zikae katika mstari mmoja, na pembe za ncha mbili ziwe sawa. Katika shafti yangu ya bei nafuu, uma zilikuwa zimepishana robo ya duara. Kosa la kwanza halikufutwa. Liliongezwa na la pili. Hapo niliinua kichwa, kwa kuwa jambo hilo nililijua kwa njia nyingine. Ni vina. Ubeti ambao kina cha kati hakikai mahali pake huitwa guni, hata kama kila neno ndani yake ni zuri. Nilikuwa nimenunua shafti guni.

Tatu, tulipima. Kipimo cha shafti huchukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kamwe si likiwa limening'inizwa kwa jeki, maana ekseli ikining'inia hutoa urefu wa uongo. Kutoka kisahani hadi kisahani nyuma, umbali wa kwenda mbele ulikuwa sentimita 130. Kabla ya kuinua gari, ncha ya mbele ilikuwa juu ya ile ya nyuma kwa sentimita 20. Baada ya kuinua, 30. Pitagora akatusaidia: shafti ilihitaji kurefuka kwa takribani sentimita 2 tu, na pembe ilikuwa imepanda kutoka nyuzi 9 hadi 13. Mbele hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa shafti ya mbele ni fupi. Kwa umbali wa sentimita 70, pembe ilikuwa imepanda kutoka nyuzi 12 hadi karibu 20. Kwenye nyuzi 20, mwendo wa chuma cha pili hushuka hadi asilimia 94 na kupanda hadi asilimia 106 ya mwendo wa cha kwanza, mara mbili kila mzunguko. Krosi gani itavumilia hayo miaka mingi?

Nikamwuliza kuhusu matairi makubwa, ambayo vijana huyapenda. Akasema tairi kubwa huliinua gari zima, injini na ekseli pamoja, kwa hiyo pembe haibadiliki. Ni springi zinazoitenganisha injini na ekseli. Nililiandika hilo na kulipigia mstari.

Nne, tulizungumza bei. Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kati ya milioni mbili na nusu na laki moja na nusu kuna njia ya kati, lakini njia hiyo haionekani kwa asiyepima. Kwa nyuma, alinitafutia shafti ya mtumba ya gari la aina ileile lenye mwili mrefu zaidi. Tulihesabu matundu ya bolti kwenye kisahani, tukapima nafasi baina yake, tukahesabu meno ya sehemu inayoteleza. Yote yalilingana. Shafti ndefu hukatwa na kuungwa mahali pamoja tu, na bomba linabaki lile la kiwandani. Hiyo ni afadhali kuliko shafti fupi inayoongezwa bomba la kuokota. Shafti yenyewe ilikuwa 280,000. Kuikata, kuinyoosha kwenye kerezo na kuiunga, 120,000. Krosi mpya nne, mbili za nyuma na mbili za mbele, 140,000.

Kwa mbele hakununua shafti. Aliichomoa ya zamani, akanionyesha jinsi meno ya sehemu inayoteleza yalivyokuwa yamebaki na mshiko mdogo. Alichongesha kisahani kinene cha kujazia, kikakaa kati ya shafti na kisahani cha difu, ili meno yarudi ndani. Hicho kilikuwa 60,000. Kisha aliweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ili pembe za ncha mbili zilingane: 40,000. Ziko shafti za gharama zenye krosi mbili kwenye ncha moja, na ndizo hufaa pembe ikiwa kali sana; lakini alisema kwa mwendo wangu wa kilimani, ambapo fowili huingizwa kwenye matope na kutolewa kwenye lami, kabari na kujazia vitatosha. Jumla ilikuwa 640,000. Ukiongeza zile 150,000 nilizozitupa, ni 790,000, nusu ya godoro lisilohesabiwa, na usiku mmoja ambao bado unaniamsha.

Jambo la mwisho lilinifurahisha kuliko yote. Shafti iliyoungwa lazima isawazishwe, kwa sababu upande mmoja ukiwa mzito kidogo tu, hutetemesha gari zima. Hakuwa na mashine ya kazi hiyo. Alichukua vibano viwili vya mpira wa rejeta, akavifunga juu ya shafti, tukaendesha gari, tukarudi, akavisogeza kidogo, tukaendesha tena. Mara ya sita mtetemo ukaisha. Nilimwuliza kazi hiyo inaitwaje. Akafikiri, akasema, "Tunatafuta mizani."

Mizani! Sikumfundisha neno hilo kwa maana hiyo. Nilimfundisha kwamba mizani ni hesabu ya silabi katika mshororo. Yeye alikwenda nalo chini ya gari, akalikuta lipo huko tayari.

Tangu hapo nimelifikiria neno propela kwa heshima zaidi. Katika karakana zetu limetoka kwa Waingereza, ambao huliita chuma hicho shafti ya propela, na mafundi wetu wakaacha mkia wakabaki na kichwa. Fundi wangu hulitenga wazi na draivu shafti, ambayo kwake ni ile fupi inayokwenda kwenye gurudumu moja moja la mbele. Mimi niliyekuwa nikimkosoa nilikuwa na neno moja, shafti, kwa vyote viwili. Nani alikuwa na lugha pana? Tena tunalo parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno, nalo lipo katika kamusi, na mwanafunzi akiliandika tunampongeza kwa ufasaha. Nahodha na nanga yametoka Uajemi. Mabaharia waliyachukua kwa sababu waliyahitaji baharini, wala hawakumsubiri mwalimu. Baadaye mwalimu alikuja akayakuta, akayaita lugha.

Hapa Ugweno tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Kabla ya magari, kabla ya shule, nchi hii ilijulikana kwa chuma. Washana walikuwa ukoo wa wahunzi. Waliyeyusha chuma kwa makaa na mivukuto, na majembe na silaha zao zilifika kwa majirani zetu Wachaga. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi wahunzi hao walivyokuwa na nguvu kabla ya Wasuya kutwaa utawala. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa. Bila shaka alikuwa na maneno yake ya moto, ya mawe na ya nyundo, ambayo mtu wa nje hakuyaelewa. Sidhani kama kuna aliyekwenda kumpaka wino mwekundu.

Sisemi kwamba kila neno la gereji liingie darasani. Bado naamini mwanafunzi ajue rafadha, ajue mhimili, ajue kerezo. Ninachosema ni kwamba anayesikia neno geni aulize kwanza linabeba nini, ndipo ahukumu sura yake. Mimi nilihukumu sura. Ningeuliza, ningelipa 640,000 siku ya kwanza, na binti wa jirani angeshuka kilima kwa amani.

Nilimwandikia fundi ubeti mmoja, nikampelekea karakana ukiwa umeandikwa vizuri kwenye karatasi. Huu hapa:

Fundi kanipa kisomo, na chini nikainama,
Kila chuma kina kimo, na pembe zake kupima,
Bei isiwe kikomo, cha akili kusimama,
Rahisi pasi kipimo, gharama huja kwa nyuma.

Aliusoma mara mbili akiwa amesimama, midomo ikicheza. Niliona anahesabu. Kisha akaubandika ukutani, juu ya benchi la spana, na kidole chake kikaacha alama ya grisi pembezoni.

"Ni mzuri, Mwalimu," alisema. "Lakini propela mbona hukuitaja?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi nyumbani na daftari lilelile, nami natunga ubeti wa pili. Pro-pe-la: mizani tatu, na kina cha mwisho ni la. Vina vya la si haba katika Kiswahili. Wenzangu mliopo Unguja, Mombasa, Bukavu na Muscat, mafundi wenu hukiitaje chuma hicho kirefu? Niandikieni, nami nitampelekea yeye kwanza.